Hatua Ishirini za Oiva

Hilja alikuwa jikoni akikata mkate mweusi aliposikia mtaimbo wa kaka yake, Oiva, ukinyamaza. Tangu kulipopambazuka ulikuwa ukilia ziwani, ko, ko, kila hatua pigo moja, kama ulivyolia kila mwanzo wa baridi kwa miaka arobaini. Ghafla kimya. Akadhani Oiva amefika kwenye ndoana zake, akaendelea na mkate.

Oiva Heiskanen hakuoa, hakuwa na cheo, na maneno yake yalihesabika. Kijijini alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyempa: kutangulia. Ziwa likiganda, hakuna aliyelikanyaga mpaka Oiva alivuke hadi mkondo wa kisiwani, ambako maji hayatulii na barafu huwa nyembamba, akiipiga barafu kwa mtaimbo mbele ya mguu wake. Ikistahimili pigo, inabeba mtu. Ikitoboka, rudi. Wengine walifuata nyayo zake.

“Wewe Oiva hata barafu ya kwenye ndoo ingekubeba,” jirani yao Kalervo, pande la mtu, alimtania jioni moja. “Kula, bwana!”

“Na wewe ukikanyaga, samaki wa huko chini wanakimbilia sufuriani wenyewe.”

Walicheka mpaka Kalervo akapaliwa na kahawa.

Asubuhi ile ya Desemba Oiva alikuwa amekaribia mkondo alipoona kijiti cha ndoana yake ya tatu, iliyotegwa kwenye tundu la barafu, kimepinda, kinatetemeka. Aliyenasa alikuwa hauki, samaki mrefu mwenye mdomo wa bata na meno ya mbwa, na hauki ukimchelewesha hukata uzi. Barafu ikiwa changa ndipo anapouma kwa pupa. Oiva aliutia mtaimbo kwapani, akakimbia. Hatua ishirini, bila pigo hata moja. Barafu ikambeba, mwembamba yule. Akamtoa samaki, kilo nane, akazungukia nyuma ya kisiwa kuziangalia ndoana nyingine.

Nusu saa baadaye Kalervo akaja na ndoo yake ya chambo. Aliziona nyayo juu ya theluji nyembamba, akazifuata kwa imani.

Walimtoa Kalervo majini adhuhuri, kwa ngazi na kamba, amekwisha kufa.

Siku tatu Oiva hakula. Siku ya nne Hilja akafunga mlango wa jikoni.

“Kaka, nilisikia.”

“Ulisikia nini?”

“Sikusikia kitu. Mtaimbo ulinyamaza.” Akashusha sauti. “Saimi wa Kalervo anasema mkondo ndio uliommaliza mumewe. Mwache aamini hivyo. Ukisema, Kalervo atarudi?”

Oiva akaisukuma kando sahani ya mkate.

Saimi alikuja baada ya maziko, kurudisha sufuria. Hilja akamwekea kahawa. Mjane aliikoroga kwa kijiko muda mrefu, ingawa hakuwa ametia sukari.

“Oiva, sikuja kugombana. Wanangu wananiuliza, nami sina la kuwaambia. Pale uligonga?”

Hilja aliukanyaga mguu wa kaka yake chini ya meza. Aliukanyaga kwa nguvu, hata kikombe cha Saimi kikatikisika.

“Sikugonga,” Oiva akasema. “Samaki alinasa. Nikakimbia.”

“Na ulimpata?”

“Nilimpata.”

Saimi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei. Akavaa glavu zake, akaanza na ya kushoto, akakosea vidole, akaanza upya. Mlangoni alimgeukia Hilja, si Oiva.

“Nawe ulijua, dada.”

Akaenda zake. Kahawa ikabaki.

Hakuna aliyemshtaki Oiva, wala aliyemnyima salamu. Pengine wangemtukana ingekuwa nafuu. Baridi iliyofuata alichukua mtaimbo wake, akashuka ziwani kama kawaida. Hilja, dirishani, alimhesabia mapigo. Halafu akasikia mengine. Wanaume watano walikuwa wakimfuata kwa umbali, kila mmoja na mtaimbo wake, wakiigonga upya barafu aliyokwisha kuigonga yeye, katika nyayo zilezile. Oiva alisimama, akasikiliza. Akageuka, akapishana nao. Nao wakaweka macho chini.

Alipoingia ndani, Hilja alimvua buti kama mtoto.

“Wana haki,” Oiva alisema. Ziwani hakurudi tena.

Sasa Oiva yuko mjini Kajaani, katika nyumba ya wazee, ghorofa ya pili, chumba kinachotazama kiwanja cha magogo, si ziwa. Hilja humtembelea kila Alhamisi.