Magunia Kumi ya Bichi ya Mbali

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, mwandishi wa programu hupuliza vumbi kwenye kibodi polepole, kama mtu anayepoza uji. Katika kile kiwanda cha barafu cha Homa Bay hakuna anayemsalimia ila Shamima, muuza chai. Kwenye programu yake ya Python, inayogawa barafu, ameandika kwamba kila bichi ya wavuvi, pale samaki wanaposhushwa, ipate barafu isiyopungua magunia kumi. Jumatatu meneja akamsimamia begani.

“Omera, ndugu yangu, ile bichi ya mbali, kikomo cha chini weka sifuri. Barabara mbovu.”

“Nikiweka sifuri, mashine itakwepa gharama ya barabara, haitawapa hata gunia moja. Mbuta za wale akina mama wauza samaki zitaoza.”

“Kwani ni shemeji zako? Weka!”

Akaweka. Kwenye skrini, bichi ikabaki bila kitu. Aliitazama ile sifuri mpaka Shamima, aliyekuwa amemletea chai, akaona haya kumwangalia. Kisha akarudisha kumi, akahifadhi, akavaa koti, akatoka. Wiki nzima Shamima alimbakizia kikombe, hakurudi.