Valvu Zilizoanikwa Kwenye Chanja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya redio za serikali pale Tabora, sikupewa hata bisibisi. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye viganja vipana, alinikalisha mbele ya boksi lililojaa valvu kuukuu akaniambia nizipange. Valvu, kwa nyie mliozaliwa mkakuta kila kitu kimejificha ndani ya kidude cheusi kidogo kama kiroboto, ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa yote. Ndani ina uzi unaowaka na vibati vinavyouzunguka. Uzi ukipata moto, umeme unaruka kutoka kwenye uzi kwenda kwenye bati, na hapo katikati fundi anauongoza anavyotaka. Redio nzima ilitegemea chupa hizo. Zikiwashwa zinatoa rangi ya chungwa, na mimi, binti wa Kifipa niliyetoka shule ya ufundi na viatu vya kuazima, nilizipenda palepale.

Nikachukua kitambaa nianze kuzifuta vumbi. Mkuu akanidaka mkono.

"Unafuta nini, binti?"

"Vumbi, mzee."

"Unafuta jina lake. Maandishi ya valvu hayajashika, yanatoka hata kwa kidole. Ukishayafuta umebaki na mgonjwa asiyejua anaitwa nani."

Kuanzia hapo akawa ananichezea mchezo wake. Anaviringisha karatasi kwenye valvu, anaacha upenyo mdogo, ananiuliza ni valvu gani na inafanya kazi gani. "Usisome maandishi," anasema, "soma tumbo lake." Nilikosea mpaka nikamchukia. Halafu ikafika asubuhi moja nikazitaja zote bila kukwama, naye akaniagizia chai na maandazi. Mpaka leo sijapewa sifa iliyonifurahisha kuliko maandazi yale.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kigoma, chini ya Mhandisi wa Kanda, ambaye alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Kifaa kikiwa na umeme mkubwa, fundi anatumia mkono mmoja tu; wa pili unakaa mfukoni, ili ukipigwa, umeme usipite kifuani kutoka mkono hadi mkono. Tatizo magauni yangu hayakuwa na mifuko. Mhandisi alinitazama, akaondoka, akarudi na fundi cherehani aliyenipima pale pale mbele ya wanaume wote. Nikawa mwanamke wa kwanza Kigoma kushonewa mfuko wa kuokoa maisha.

Kisha nikahamishiwa Mpanda, na Mpanda ndiyo iliyonilia ujana wangu. Tulihudumia redio za mawasiliano za ofisi za wilaya, za askari wa wanyamapori, na ile ya makazi ya Mishamo, ambako wakati huo waliishi wakimbizi wa Burundi. Nilikwenda Mishamo kwa lori, nikaingia vijijini kwa baiskeli, betri nimeifunga kwenye keria. Akina mama wa kule walinipa maharage na kunipa pole kwa kukosa mume wa kunikataza safari. Mume nilikuwa naye. Alikuwa Mpanda anapika.

Mkuu wa Kituo, bosi wangu wa mwisho, alikuwa mtu wa haraka. Kila asubuhi neno lilikuwa lile lile: "Anastazia, imepona? Kuna mtu anaisubiri." Hakuwa mkali, alikuwa na wasiwasi tu, maana redio ikikaa kimya kuna mgonjwa hajapata gari mahali fulani. Zilipokuja redio za transista, akaamuru valvu zote zilizobaki zitupwe. Niliomba nizitupe mimi. Nilizitupa nyumbani kwangu, chini ya kitanda, ndani ya katoni, na mume wangu alilalamika mpaka Mungu alipomchukua.

Nilistaafu. Nikalima kidogo, nikafuga kidogo, nikachoka kwa kutochoka. Hadi mwaka juzi, mzee Rajabu alipobisha hodi.

Mzee Rajabu ni muuza vitenge wa Kashaulili, hapa hapa Mpanda, mtu mzima kunipita. Ujanani alifanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na aliporudi alibeba televisheni ya valvu, kubwa kama kabati, iliyofungwa kwa blanketi. Tanzania Bara nzima hapakuwa na kituo cha televisheni cha kunasa. Nyumba yake haikuwa na umeme. Yeye alikuwa ameambiwa kituo kinakuja karibuni, akaamini. Televisheni ikakaa sebuleni, juu yake kitambaa cha kufuma, na mtaa ukampa jina la Mzee Sanduku. Umeme ulipofika na vituo vilipoanza, aliita majirani akaichomeka mbele yao. Haikuwaka hata tone.

"Mama Fundi," aliniambia, kofia mkononi, "mke wangu, Mama Zuhura, macho yanamwisha. Ni presha ya macho. La kulia limeshazima. Daktari kasema la kushoto nalo linaondoka na halirudishiki. Anaona mwanga, anaona kitu kikiwa karibu sana na kikubwa. Nataka aione ikiwaka kabla."

"Ameomba mwenyewe?"

"Aombe wapi? Toka nimeileta anasema ningemletea cherehani. Nataka aione mara moja tu, ajue sikuleta sanduku."

Damu ilinichemka kama msichana. Nilichukua mita yangu, kile kifaa cha kupimia umeme, nikaenda naye siku ile ile.

Nilipofungua mgongo wa televisheni nilikuta vumbi la nusu karne, viota vya mende na mapazia ya buibui. Katikati ya uchafu wote ule, valvu zilikuwa zinang'aa kama glasi za sikukuu. Hazikuwa na herufi hata moja.

"Nani amezigusa hizi?"

"Mimi," alisema Mama Zuhura kutoka kwenye mkeka, kwa fahari kabisa. "Harusi ya Zuhura. Tulipaka nyumba chokaa, tukasugua kila kitu. Nikaona hata hili sanduku la mwenzangu nilitendee haki. Nilitoa vichupa vyote, mdogo wangu, nikaviosha kwa sabuni na majivu, nikavianika kwenye chanja na vikombe. Vikakauka, nikavirudisha."

"Ulivirudisha wapi, dada?"

"Kwenye matundu yake. Kila kilipoingia."

Kila kilipoingia. Valvu nyingi zina miguu tisa, kwa hiyo zinaingia kwenye tundu lolote la miguu tisa bila kugoma. Harusi ya Zuhura ilikuwa kabla ya umeme kufika mtaani. Mzee Rajabu alisimama, akatoka uani, tukamsikia anatembea huku na huku. Aliporudi alikaa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi mimi miaka yote nailaumu radi." Mama Zuhura akauliza kwani kuna nini. Mumewe akamjibu hakuna kitu, vichupa vilikuwa vichafu kweli.

Nilizibeba valvu zile nyumbani, nikazipanga juu ya meza kwenye mwanga wa dirisha. Furaha niliyokuwa nayo sijui niifananishe na nini. Mkuu wa Karakana alikuwa ameshalala kaburini, lakini mchezo wake ulikuwa mbele yangu na safari hii hapakuwa na karatasi ya kufunua nikishindwa. Nilisoma matumbo. Yenye kofia ya bati utosini na mwili mnene ndiyo inayosukuma mchoro wa picha kwenda kulia na kushoto. Nyembamba yenye kofia ni mwenzake. Yenye vyumba viwili ndani inafanya kazi mbili, na moja ya hizo ni sauti. Nilipotilia shaka nilipima uzi wa moto kwa mita, maana kila aina ina ugumu wake wa kupitisha umeme. Moja uzi wake ulikuwa umekatika. Kwenye televisheni hizo nyuzi zimeungwa kwa mfululizo kama taa za harusi, mmoja ukikatika zote zinalala. Nikapiga magoti, nikavuta katoni chini ya kitanda. Ilikuwemo. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kupitia ukutani kama niko salama.

Kazi iliyofuata ilikuwa kubadilisha kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme kwa muda, maana vya zamani vilifungwa kwa karatasi na nta na vyote vilikuwa vimeoza. Kisha nilihitaji balbu ya kizamani, ile ya uzi. Televisheni iliyolala miaka haichomekwi ghafla. Unaipitishia umeme kwenye balbu kwanza, ili kukiwa na kosa balbu iwake na kifaa kisiungue. Sasa Mpanda nzima inauza taa hizi nyeupe zisizo na uzi. Nilihangaika madukani mpaka mama mmoja akanikumbusha wafugaji. Nikaenda kijiji cha Litapunga kwa bodaboda, kwa mfugaji anayewapasha vifaranga joto kwa balbu, naye akanipa moja kwa sharti nimletee majibu kama televisheni imepona.

Siku ya kuwasha, balbu iliwaka kali. Kosa. Nikazima, nikatafuta, nikakuta kapasita moja nimeigeuza. Nikairekebisha, nikachomeka tena, mkono mmoja mfukoni. Balbu iliwaka, ikafifia taratibu. Valvu moja ikaanza kuona haya, ikafuata nyingine, mpaka mgongo mzima wa televisheni ukawa wa rangi ya chungwa. Sasa nilikuwa naogopa kioo cha picha tu, kwa sababu hicho sina cha akiba na hakuna anayekiuza. Tukangoja. Paka wa nyumba, aliyekuwa amelala juu ya mkeka, akainua masikio ghafla akatoka mbio.

"Paka kaona nini?" aliuliza mzee Rajabu.

Televisheni ya namna hii ikiamka inapiga filimbi nyembamba sana ambayo masikio ya wazee hayaisikii tena, lakini paka anaisikia. Nilijua kabla ya kioo. Halafu kioo nacho kikaanza kung'aa, kikajaa chenga, na mzee Rajabu akashika ukuta.

Matangazo ya siku hizi yanapita kwenye king'amuzi, na king'amuzi hakijui kuongea na kifaa cha zamani. Nilikuwa nimeng'oa kijisanduku cha kurushia mawimbi kutoka kwenye gemu mbovu la watoto, nikakiweka katikati vipatane. Picha ilikuja ikipanda juu kama pazia linalovutwa. Nikazungusha kitufe, ikatulia. Alikuwepo mtangazaji, kwa rangi nyeusi na nyeupe, anasoma habari.

Tulimwongoza Mama Zuhura mpaka karibu na kioo. Alitazama kwa muda.

"Mwanga nauona," alisema. "Mzuri. Watu siwaoni."

"Huyo hapo katikati," alisema mumewe.

"Simuoni, Rajabu. Usihangaike. Nimeona imewaka."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomvunja mzee. Alikaa kwenye kiti akavua kofia. Mimi nikaudhika, si kwake, bali kwa yule mtangazaji na kichwa chake kidogo. Mtu ameahidiwa televisheni ujana wake wote, halafu anapewa kichwa kama limau. Nilimwambia mzee asiondoke. Nikaenda sokoni pale Kashaulili, kwenye duka linalouza kamera za ulinzi, zile za kutazamia wezi. Nilimweleza mwenye duka, akafunga duka akaja nayo mwenyewe.

Tuliunganisha kamera kwenye kijisanduku cha gemu. Nikamsogeza mzee Rajabu mbele yake, karibu, karibu zaidi, mpaka uso wake peke yake ukajaza kioo chote kutoka kona hadi kona. Alikuwa na aibu kama anapigwa picha ya pasipoti.

Mama Zuhura alirudi mbele ya televisheni. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akageuza kichwa kulipa nafasi jicho la kushoto. Akaweka kiganja juu ya kioo, pale lilipokuwa shavu.

"Rajabu."

"Naam, mama."

"Kumbe umezeeka."

Mwenye duka alitoka nje. Mzee Rajabu akacheka, na kile kicheko tulikiona kwenye kioo kabla hatujakisikia vizuri, meno yaliyobaki yote yakiwa makubwa na meupe. Machozi yalikuwa yanamtoka akataka kuyafuta.

"Usijifute. Usisogee," alisema mkewe. "Sijakuona siku nyingi."

Harufu ya vumbi la moto ilikuwa imeanza kupanda nyuma ya televisheni, na kazi yangu yote ilinifundisha kwamba hapo fundi anazima ili kifaa kipumzike. Nilipima joto la kabati kwa kiganja. Lilikuwa linavumilika. Maisha yangu yote kulikuwa na mtu anayengoja, na mkubwa wa kunikumbusha kwamba anangoja, na nilijifunza kufunga kazi haraka na kuaga. Kustaafu kumenipa kitu kimoja ambacho sikuwahi kuwa nacho karakana yoyote. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwacha amwangalie mumewe mpaka atosheke.