Jemadari na Matundu ya Ukutani

Wifi yangu ana mdomo, Mungu amsamehe, na upawa mkononi mwake ni fimbo ya utawala. Kwenye jiko la chuo tunamwita Jemadari, hata wakubwa humwita hivyo, na anaitika. Alipoolewa na kaka yangu alinikuta nimekaa tu nyumbani, akanivuta kazini kwake kuosha masufuria, na tangu hapo hajanipa raha. "Wifi, hili sufuria umeliosha au umelitishia?" Ndivyo anavyoongea. Nami namjibu, maana wifi asipotaniwa anaota mapembe.

Ila kifua chake hakikuwa cha utani. Miaka yote alipikia kwenye banda la mabati, kuni zinafuka, moshi hauna pa kutokea. Daktari alimwambia wazi: ama uachane na moshi, ama uachane na kazi. Wifi akaniapisha nisimwambie mtu. Akibanwa na kikohozi jikoni, anageukia ukuta na kujifanya anatafuta chumvi. Mkurugenzi wa chuo hataki mgonjwa karibu na chakula, na hilo kila mtu hapa analijua. Akijua tu, wifi yangu anafungasha siku hiyohiyo.

Ndipo likaja jengo jipya. Msanifu wake, binti mwembamba asiyeogopa vumbi, alijenga jiko na ukumbi wa kulia kwa matofali ya udongo uliochimbwa palepale. Hakuna feni wala kiyoyozi. Kuta nene zinazuia joto, chini yake kuna matundu, na juu ya majiko umesimama mnara mrefu. Hewa baridi inaingia kwa chini, moshi na joto vinapanda mnarani vyenyewe. Binti alimweleza Jemadari mpaka akachoka, na Jemadari akaitikia "ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu," huku anachagua mchele. Kwake jengo lile lilikuwa dawa. Mkurugenzi hakulipenda. Alisema tutapika siku moja mbele ya kamati ya chuo. Likishindwa, tunarudi bandani.

Siku hiyo ikafika. Tulipowasha majiko yote, moshi ulipanda kidogo, ukasita, ukaanza kutushukia kichwani. Wanakamati waliingia wakatoka, wakaingia tena na leso puani.

"Binti, ndio usasa wenyewe huu?" mkurugenzi akauliza.

Msanifu alipanda ngazi kuchungulia mnara. Akashuka. "Mnara uko wazi. Hewa ndiyo haiingii, na sielewi kwa nini. Jana nimekagua kila kitu."

"Basi jengo lako limeshindwa. Kesho mnarudi bandani."

Nikamtazama wifi. Upawa ulikuwa umesimama ndani ya sufuria, na yeye amekodoa macho ukutani, kwenye magunia ya mchele.

"Wifi, vipi?"

"Panya," akaninong'oneza.

"Panya gani saa hizi?"

"Nimeziba matundu. Asubuhi. Yote."

Jamani! Kule bandani kila tundu ni mlango wa panya. Anayefungua jiko, kazi yake ya kwanza ni kuzunguka kuta na kusokomeza matambara na vipande vya chupa, na atakayesahau atasemwa wiki nzima. Jemadari alifanya kile mikono yake ilichozoea, halafu akapanga magunia mbele pawe nadhifu. Na mkurugenzi alishatangaza kwamba atakayegusa chochote cha jengo hilo aende kwao.

"Nyamaza," nikamwambia. "Utafukuzwa!"

"Na bandani nitaishi?"

Msanifu alikuwa ameanza kukunja michoro yake, analia bila kujificha. Jemadari akamwona. Akaacha upawa, akasukuma gunia la kwanza, akapiga magoti na kuanza kuchomoa matambara kwa vidole.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Mimi ndiye niliyeziba! Mtoto wa watu hana kosa!"

Tukamkimbilia, wengine tukavuta magunia, wengine matambara. Chupa ikamchana kiganja, hata hakutazama. Nikasikia ubaridi miguuni. Moto ukasimama wima majikoni, moshi ukajikusanya na kupanda mnarani wote, tukaanza kuonana sura. Mjumbe mmoja akasema, "Eh! Kumbe!" Nikataka kumkumbatia yule mzee.

Lakini Jemadari alikuwa bado sakafuni, na vumbi la matundu lilikuwa limemwingia. Kikohozi kikamkamata. Hakukuwa na ukuta wa kugeukia. Alikohoa ameinama, damu ya kiganja inadondoka, na kila tulipodhani amemaliza akaanza upya.

Mkurugenzi akamsogelea. "Hayo ya matundu tutayazungumza. Hiki kikohozi kimeanza lini?"

Jemadari akajaribu kuinuka, kikohozi kikamrudisha chini.

"Nauliza. Huyu mama ni mgonjwa?"

Mimi, na domo langu lote hili, nikajifanya naokota matambara. Aliyeinama kumshika mabega alikuwa msanifu, binti ambaye Jemadari alibakiza kidogo tu amzike akiwa hai. Macho yake yalikuwa hayajakauka.

"Ni pilipili, mkurugenzi," akasema. "Imeungua kwenye sufuria. Hata mimi imenipalia."

Akakohoa. Mpishi wa mboga naye akakohoa. Nami nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na machozi hayo hayakuwa ya uongo.