Ndege wa Anania

Kijijini kwetu Nyakitonto, mtu akitia chumvi katika maneno yake huambiwa, "Huyo sasa ni ndege wa Anania." Hata watoto waliozaliwa juzi wanausema msemo huo, wala hawajui kwamba Anania mwenyewe ni yule mzee mfupi mwenye shamba la mihogo nyuma ya kanisa.

Kisa ni cha ujanani. Anania aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa, akawa raia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata mafunjo ya mikeka kwenye mabwawa ya Malagarasi. Huko, alisema, alimwona ndege wa kijivu, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, mdomo kama kiatu cha mwanajeshi, amesimama mchana kutwa bila kutikisika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jirani yake Bazilio aliuliza kama hicho kiatu kilikuwa na kamba. Hata Maximilla, bibi harusi wake mpya wakati huo, alicheka, na hilo ndilo lililomkaa Anania rohoni. Watu wacheke, hewala. Mkeo akikuona mwongo, ukweli utamwambia nani?

Basi mwaka huu redio ikatangaza kwamba makumbusho ya zamani ya mapadri, pale Kasulu mjini, yamekarabatiwa na kufunguliwa tena, na yana wanyama na ndege wa mkoa mzima waliokaushwa tangu enzi za mkoloni. Anania akakosa raha. Je, kama ndege wake hayumo? Si atarudi mwongo maradufu? Hata hivyo, juma lililofuata alivaa koti lake la Krismasi, akamchukua mkewe, na Bazilio akajialika mwenyewe.

"Kioja kama hiki sikikosi," alisema Bazilio.

Mlangoni walisimama, wakingoja kukaribishwa na kuulizwa habari za nyumbani, kama wageni wenye adabu zao. Mtunzaji, mama wa Kikongo aitwaye Laurentine, akacheka.

"Muingie tu, papa! Banyama yote ilishakufa kitambo!"

Wakaingia. Wakampita chui aliyetoboka sikio, wakapita vipepeo na mafuvu ya viboko. Kila kabati Bazilio alichungulia, akatangaza, "Bado hajatua!" Ghafla Anania akainua mkono.

"Nyamazeni! Ataruka!"

Pembeni alisimama ndege wa kijivu, mdomo wake kiatu kabisa, kimya kama alivyokuwa kule bwawani. Bazilio akabana pumzi. Maximilla akamshika mumewe mkono. Walibaki hivyo, watu wazima watatu wananyatia ndege aliyekaushwa, mpaka Laurentine akawaambia kwamba huyo alisimama hapo kabla mama yake yeye hajazaliwa. Kibao kilisema: Korongo-nyangumi, Malagarasi.

Anania akavua kofia. "Mwakeye, ndugu yangu," akamsalimu kwa Kiha. "Umenichelewesha sana!" Akacheza palepale, koti likipepea, na Laurentine akampigia makofi.

Bazilio alimkagua ndege kulia na kushoto. "Kamba kweli hana," akakiri. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mzee Anania, nimekoma."

Maximilla peke yake hakusema neno. Njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, na furaha ya Anania ikaanza kupungua. Ina maana hata sasa haamini?

Huku kwetu radhi haiombwi kwa mdomo mkavu. Aliyekosa huleta pombe ya ndizi, aliyekosewa hunywa wa kwanza, na kesi imekwisha. Walipofika nyumbani Maximilla aliingia jikoni, akatoka na mtungi wa pombe unaotoa povu, akauweka miguuni pa mumewe pamoja na mrija.

Anania aliinusa. "Mama Nadine, pombe hii si ya leo."

"Si ya leo."

"Basi ndizi ulizivundika kabla hatujaenda Kasulu. Kabla hujamwona ndege."

"Ulitaka nimngoje ndege aje akutolee ushahidi? Kwani mimi nimeolewa naye?" Maximilla akaketi kando yake. "Nilikucheka nikiwa msichana, bado sijakujua. Baadaye nikakujua, baba Nadine. Husemi uongo. Nilikosa tu pa kuanzia."

Anania akacheka huku machozi yanamtoka. Akavuta funda la kwanza, kama desturi itakavyo, kisha akamsogezea mkewe mrija.