Gunia la Bibi na Klachi ya Feni

Juzi basi letu lilisimama Igawa nikiwa narudi shule Iringa. Wauza vitunguu wakaja dirishani, jua likaanza kuchoma, na mimi nikajifunika uso kwa sweta. Msichana wa pembeni akauliza kama naumwa. Nikasema hapana. Wewe nitakwambia.

Nilikuwa darasa la tatu. Dada yake bibi alikuwa mahututi Iringa, na bibi alitaka amkute bado anaongea. Pikapu yetu ilikuwa inachemsha. Klachi ya feni, ile inayoikaza feni injini ikipata joto, ilikuwa imekufa. Baba akaleta nyingine na kuifunga mwenyewe uani kwetu Ilomba, Jumamosi nzima. Grisi ilinukia mpaka kwenye sufuria ya kande.

"Jirani, gereji imehamia jikoni?" mzee wa nyumba ya pili akachungulia.

"Lete mikono, mdomo ninao," baba akajibu.

Alipomaliza akaisukuma feni kwa kidole. Ikasogea kidogo, ikasimama. "Mama, ishike. Nzito, eh? Hiyo ndiyo nzima." Bibi akaigusa kama anampima mtoto homa. Na mimi nikaigusa.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu na baridi ile ya mwezi wa saba. Nilipotoka kupiga mswaki nikamkuta bibi amechuchumaa mbele ya gari, anapenyeza gunia la viazi kwenye wavu uliovunjika, mbele ya rejeta, pale upepo unapopita kupoza injini. Ndilo alilokuwa anafunikia vifaranga.

"Injini nayo ina kifua," akaninong'oneza. "Jana kutwa tumeiacha uchi."

Nikaona ni kweli kabisa. Hata ningeona si kweli nisingesema. Mbele ya wakubwa mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu tu.

Mshale wa joto ulishakufa zamani, kwa hiyo hatukujua kitu mpaka Igawa. Mvuke mweupe, injini ikagonga mara moja, kimya. Baba akachungulia mbele na kulivuta lile gunia, linafuka. Akalitazama. Mimi nimesimama nyuma yake, natazama vidole vyangu vya miguu. Sijashtuka hivyo tena maishani. Bibi alikuwa ndani, kikapu cha ndizi mapajani.

Baba akalikunja gunia, akalitupa majanini, akaenda dirishani kwa bibi.

"Nisamehe mama. Klachi sikuifunga vizuri."

"Ningejua ningekwambia upeleke kwa fundi," bibi akasema.

Tulifika Iringa kesho yake kwa basi. Dada yake alikuwa ameshafariki.

Pikapu iliishia kwenye chuma chakavu. Bibi naye hayupo tena. Mpaka mwisho alikuwa anawaambia wageni mwanawe anaweza kila kitu isipokuwa klachi, na baba anacheka nao. Hajui kwamba asubuhi ile nilimwona bibi.

Natamani siku moja nipate mdomo, nimwambie: baba, ile feni ilikuwa nzima. Niliishika. Ilikuwa nzito.