Unguja hadi Pemba kwa ndege ni nusu saa, ila kiroba changu cha michembe kilitaka kuniachisha safari

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mama ntilie wa Segese, na sijaongeza chumvi.

Binti yangu Kabula ameolewa Pemba. Mimba yake ya kwanza ilitoka mimi nikiwa huku nasema nitakuja, nitakuja. Inaniuma mpaka leo.

Ya pili akapangiwa upasuaji, Alhamisi saa nane mchana. Akanipigia: "Mama, usipokuwepo kabla sijaingizwa nitaogopa. Halafu uniletee michembe."

Kwa msioijua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikakauka. Na kwetu Usukumani mzazi haendi kwa binti yake mikono mitupu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akacheka. "Mama Kabula, wewe na ndege wapi na wapi? Huko ana mama mkwe, wewe wa nini?"

Nikamjibu nitakwenda, na nitafika.

Nikaangalia mtandaoni. Unguja hadi Pemba ni kama kilomita mia na ishirini hivi, nusu saa tu. Nikapiga hesabu: nikiondoka Unguja saa tano, saa tano na nusu nipo kwa mwanangu.

Weee! Kumbe hiyo nusu saa ni ya angani tu.

Alhamisi uwanjani Unguja mzigo ukapimwa, na mimi mwenyewe nikapandishwa kwenye mizani kama gunia la mpunga! Kandege kenyewe kadogo. Mimi nimezoea basi la Kahama, hata mbuzi anapanda kwenye keria.

Dada wa kaunta akasema, "Mama, mzigo umezidi. Acha kiroba, au subiri ndege ya saa kumi."

Saa kumi! Na mwanangu anaingia saa nane?

Nikamwambia, "Mwanangu, kiroba hiki hakibaki." Nikafungua begi palepale. Vitenge, viatu, sweta, vyote nikamwachia mwenyeji wangu niliyelala kwake hapo Unguja, aliyenisindikiza. Watu wananitazama, na mimi nawatazama. Sikuona aibu hata kidogo.

Ndege nayo ikachelewa kuondoka karibu saa nzima. Lakini angani, hata rozari sijamaliza, tunashuka. Kisha teksi mpaka hospitali.

Nikamkuta kashalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Akashika kiroba kabla hajanishika mimi, anacheka huku analia. Na mimi nikalia, sifichi.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Wiki mbili nilivaa kanga za kuazima za mama mkwe wake, mama mkarimu kweli, na siku hizi ananiagiza michembe.

Nilichojifunza: ukiambiwa nusu saa, ongeza muda wa kupimwa, wa kusubiri na wa barabara. Ulizia uzito wa mzigo kabla hujatoka nyumbani.

Aliyewahi kuacha nguo kiwanjani aje hapa tucheke wote. Anayeona nilikosea naye aje, nipo.

Na wewe shemeji, najua humu unasoma kimyakimya. Nilifika.