Hodi Kutoka Bombani

Harufu ya wanga wa moto hunirudisha mtaa wa Jericho, Nairobi, popote nilipo. Juzi nilipita mahali dobi alipokuwa akipiga pasi mashati, mvuke ukanipiga usoni, na papo hapo nikawa na miaka tisa, miguu mitupu juu ya saruji iliyopashwa joto na jua la saa tisa, nikiwatazama mama zetu wakitandaza vitambaa vya makochi vilivyochovywa wanga juu ya bakuli zilizopinduliwa ili vikauke vikiwa vimesimama.

Usishangae nikikwambia laini yetu ya nyumba ilikuwa kijiji. Wazazi wengi walikuwa wametoka magharibi mwa Kenya, na waliishi Nairobi kama watu waliokuja kusalimia tu. Alasiri, kazi zikiisha, wanawake waliketi vizingitini, uzi mweupe mapajani, wakifuma na kutoa maoni. Walikuwa na maoni juu ya kila kitu, na mwenye mengi zaidi alikuwa Mama Awino, jirani yetu aliyekaa ng'ambo ya bomba la maji. Kuna mume wa mtu aliyewahi kuonekana akifua nepi bombani. Mama Awino akamwita Anti, kana kwamba ni mwanamke, na jina hilo likamganda mpaka akahama.

Sasa nikunong'oneze siri ya kwetu. Mwaka huo Baba, aliyekuwa karani mjini, alipunguzwa kazi. Mama alishinda sokoni akiuza mboga hadi saa nane. Siku moja nilirudi mapema kutoka shule nikamkuta Baba ameketi ukingoni mwa kitanda, pazia limeshushwa, sindano ya kufumia mkononi, ile yenye kikulabu nchani. Alifuma kwa mkono wake wa kushoto, ulimi umetoka kidogo, uso umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aache kuvaa tai. Mwanga wa jua ulipita kwenye pazia la manjano ukakijaza chumba chote. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Sikutaka aamshwe kutoka huko alikokuwa.

"Nafula," akasema aliponiona, "hii ni yetu sisi watatu."

Vitambaa vya Baba vilikuwa vizuri kuliko vya Mama, na Mama mwenyewe alikubali, ingawa kwa kununa kidogo. Vilipelekwa kwa mchuuzi wa soko la Kariokor, kwa watu wasiotujua. Jirani hakuonyeshwa hata kimoja. Mtu akikaribia, Baba alisukuma uzi chini ya mto wa kochi na kufungua gazeti, lile lile la mwezi uliopita, wakati mwingine kichwa chini miguu juu. Shida ni kwamba majirani zetu hawakuwa na desturi ya kupiga hodi. Waliingia wakiongea, kikombe mkononi, kuomba chumvi. Mara kadhaa nusura anaswe. Nilimwogopea sana. Sikutaka baba yangu aitwe Anti.

Na bado ni mimi niliyemponza.

Alasiri moja wanawake walikuwa kizingitini kwetu wakilinganisha kazi. Mama Kevo, jirani kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kufuma, akasema kazi ya Mama ni nzuri lakini ya Mama Awino imeizidi. Kiburi kikanipanda. Nikaingia ndani, nikachomoa chini ya godoro kitambaa cha Baba, cha duara, chenye nakshi ya mananasi pembezoni, nikamwekea Mama Awino mapajani. Ndipo nilipomwona Mama ameacha kufuma.

Mama Awino alikigeuza. Akafuata mishono kwa kidole, polepole, kuanzia katikati. Kisha akainua macho akamtazama Baba kupitia mlango uliokuwa wazi, ameketi na gazeti lake, kikombe cha chai kikiwa mkono wa kushoto.

"Mbona hii imezunguka ikienda upande ingine?" Mama Kevo akauliza, akiinama aone vizuri.

"Wewe maliza yako kwanza," Mama Awino akamwambia. Kisha akamgeukia Mama. "Mama Nafula, hii nimechukua. Na unifanyie zingine tatu kama hii."

Basi, mazungumzo yakahamia kwa mchungaji mpya na urefu wa mahubiri yake.

Tangu wiki hiyo majirani zetu waliharibika tabia, au ndivyo nilivyodhani. Mama Awino alianza kupiga hodi akiwa bado bombani, nyumba nne kutoka kwetu, kwa sauti ya kuita mbuzi. "Hodi kwa Mama Nafula. Nakuja." Wengine wakamwiga. Akifika mlangoni alisimama kwanza, akakohoa, akakung'uta viatu visivyo na vumbi. Nilimlalamikia Mama kwamba watu wamekuwa wa kelele siku hizi. Mama alicheka hadi akafuta machozi, na hakunieleza kitu.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, nilipojifunza kufuma. Wa mkono wa kulia huzungusha kazi upande mmoja, wa kushoto upande wa pili, na yeyote aliyezoea sindano huliona hilo mara moja. Mama Awino alijua hata kabla kidole chake hakijafika ukingoni. Yule yule aliyempa mtu jina la Anti alikuwa ameamua kumpa baba yangu muda wa kuficha uzi wake, kila siku, kwa miaka. Nililia, sioni haya kusema.

Nikafunga safari hadi nyumbani magharibi, Baba alikorudi kuzeekea, nimpe habari hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua wiki ile ile," akasema. "Nani hupiga hodi akiwa bombani?"

"Sasa mbona uliendelea kujificha?"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba bado nina miaka tisa.

"Nafula, watu wamejipanga kuniheshimu hivyo. Ningewaaibisha aje?"